Saini za Babu Wolta

Mwezi uliopita niliingia kwenye duka moja la kuuza vitu vilivyotolewa sadaka kule Woolwich, nakwepa mvua tu, sina shida na kitu, nikakutana na harufu ya dawa ya kuchua. Ile ya kikopo kidogo, inayowasha pua mpaka machozi yanatoka. Ilikuwa inatoka kwenye sanduku la vitabu lililowekwa chini, karibu na viatu. Nikainama kama mjinga. Kitabu cha kwanza kukishika kilikuwa kinene, kurasa zake zimejaa picha za saini: saini za wachezaji wa zamani wa besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo, zile za kweli upande wa kushoto na za kughushi upande wa kulia. Nikakiachia kikaanguka. Mama wa dukani akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, nikatoka nje nikalowa.

Sidhani kama kilikuwa cha Babu Wolta. London hii wazee wengi wanajichua kwa dawa hiyo hiyo. Lakini tangu siku ile sina raha, na nimeona bora niliseme jambo lenyewe, niwaambie nyie wa rika langu, mliokulia Uingereza, Ukerewe hii ya Malkia, mkiwa ndiyo midomo ya mama zenu. Mnajijua. Mtoto ana miaka tisa, anamtafsiria mama yake kwa daktari habari za mji wa mimba. Anapiga simu kaunsili, kwa wenye nyumba za serikali, kulalamikia boila ya maji moto, anakaza sauti iwe ya mtu mzima. Watu wakatusifu, na sisi tukaamini kweli tuna akili. Mimi nilisifiwa kuliko wengi, na nataka mjue sifa hizo zilimfanya nini mama yangu.

Mama alitoka Tukuyu, kwenye mvua zisizokatika, na kwa sababu hiyo mvua ya London hakuihesabu kuwa mvua. Kule alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini: anatandika vitanda, anamwaga mikojo, anawashika mkono wanaokufa. Alitaka kuwa nesi, akaambiwa darasa la saba halitoshi. Baba alitangulia kuja huku, akatuita, na mwaka haujaisha akahamia kwa mwanamke mwingine, akatuachia chumba na sebule ghorofa ya sita, Thamesmead. Mama hakulia mbele yangu. Alinunua koti la mvua, akaenda kwa shoga yake Mama Jeni, Mchaga mmoja mwenye maneno mengi na roho nzuri, naye akamwingiza kwenye ejensi ya kuhudumia wazee majumbani. Nyumbani wakisikia mtu yuko Ulaya anafanya kazi hizi wanasema anabeba boksi. Mama alikuwa akicheka akisikia hivyo, anasema boksi halikupigi teke ukiliogesha.

Msimamizi wa ejensi aliitwa Linda, mwanamke wa Kizungu aliyevaa miwani yenye kamba shingoni. Linda alimwahidi Mama jambo moja. Akimaliza mwaka bila malalamiko ya mteja yeyote, angemwandikia barua ya kumpendekeza chuoni, kwenye kozi ya wasaidizi wa manesi, na kutoka hapo njia ya unesi ilikuwa wazi. Fomu ya chuo Mama alishaichukua, tukaijaza pamoja mezani, mimi nikiandika na yeye akinisomea tarehe kutoka kwenye pasipoti. Akaitia kwenye bahasha ya plastiki, akaiweka juu ya kabati. Ilibaki barua ya Linda tu. Kila akipiga pasi alikuwa akinionyesha kwa mkono jinsi kola ya sare ya bluu itakavyokaa. Mwaka mzima tuliishi kwa barua hiyo.

Mteja wake alikuwa Babu Wolta. Jina lake la Kizungu Mama alilitengeneza likawa hivyo, mzee mwenyewe akalipenda. Alikuwa Mmarekani aliyekuja na jeshi akiwa kijana, akamwoa Mwingereza, akabaki Eltham mpaka mke akafa. Watoto hawakujaliwa. Alikuwa na mpwa wa mke wake tu, mwanamke mmoja wa Kent ambaye alikuja mara mbili kwa mwaka na hakuvua koti. Kazi ya mzee ilikuwa ya ajabu. Watu wa Marekani wanaokusanya saini za wachezaji wa zamani walimtumia kwa posta picha, karatasi, hata mipira yenyewe imefungwa kwa pamba, wamwulize: hii ni kweli au feki? Naye alikaa kwenye chumba chake cha vitabu, akafungua miongozo yake ya saini, akalinganisha kwa lenzi, akawajibu.

Kunipeleka kazini ilikuwa marufuku. Lakini Jumamosi na likizo za shule Mama angeniacha na nani? Alinificha wiki mbili za kwanza, nikikaa jikoni bila kukohoa, mpaka mzee akanisikia na kusema mtoto asifungiwe na masufuria. Ndivyo nilivyoingia kwenye kile chumba. Kilinuka dawa ya kuchua, karatasi kuukuu na biskuti za tangawizi. Miongozo ilikuwa kama kumi na mitano, mingine minene kuliko Biblia, mingine vijitabu tu. Kila mchezaji alikuwa na ukurasa wake: saini ya ujana, saini ya umaarufu, saini aliyomtilia mtoto barabarani akiwa na haraka. Pembeni Babu Wolta alikuwa ameandika kwa penseli masahihisho yake, kwa sababu, alivyoniambia, hata waandishi wa vitabu hivi walikuwa wakidanganywa.

Alinifundisha kama mtu aliyekuwa akingoja mwanafunzi miaka mingi. Usisome jina, alisema, geuza karatasi juu chini uangalie mwendo. Mwenye saini yake anaandika bila kufikiri, kalamu inatua ikiwa tayari inakimbia na inaondoka ikiwa bado inakimbia, ndiyo maana mwisho wa mstari unakuwa mwembamba kama ncha ya sindano. Mwongo anachora. Anakwenda polepole, mkono unatetemeka, anainua kalamu katikati ya herufi kuangalia anaigiza nini, na mwisho wa mstari unakuwa butu. Alinionyesha mpira uliokuwa na saini nzuri kabisa, haina kasoro, akaniambia niugeuze nisome muhuri wa kiwandani. Mpira ulikuwa umetengenezwa miaka sita baada ya mchezaji kuzikwa. Nilicheka siku nzima.

Akawa ananitega. Ananipangia karatasi tano mezani, niitafute ya uongo. Nikipatia, biskuti. Baada ya miezi michache nilikuwa nikipatia kila mara, na mzee akaanza kuniita Profesa. Nyumbani nikawa kero. Nilikagua saini ya mwalimu, ya mchungaji, ya Baba kwenye kadi yake moja ya birthday. Nikizungumza na Mama kwa Kiingereza, yeye ananijibu kwa Kiswahili, namweleza habari za wino na mipira hali hajui hata mchezo wenyewe unachezwaje. Alisikiliza akikata vitunguu. Sura za mwisho za ile miongozo sikuzisoma, zilikuwa na maneno mengi na picha chache.

Sasa sikilizeni habari ya fomu. Kila Ijumaa asubuhi mteja alitakiwa kusaini fomu ya saa, kuthibitisha kwamba kea, yaani mhudumu wake, alikuja na alifanya kazi. Bila saini ya mteja, ni kama hukuja. Ijumaa nyingi nilikuwa shuleni. Za likizo nilikuwepo, lakini ikifika saa ya fomu Babu Wolta alinituma jikoni nikaandae chai, na mlango wa chumba cha kulala ukafungwa. Nilidhani wanazungumza mambo ya dawa za kulainisha choo. Pia tangu baridi ilipoanza alikuwa ameacha kuwajibu watu wake kwa mkono, anapiga taipureta kwa kidole kimoja, na karatasi za mtego akaniambia nizipange mwenyewe. Sikujiuliza kwa nini. Mtoto aliyefundishwa kutazama mikono ya wafu wa Marekani hakuutazama mkono uliokuwa unampa biskuti.

Mwishoni mwa baridi, siku ya Jumapili, mzee alianguka bafuni. Jirani akaita ambulensi. Mama alipofika Jumatatu alikuta mlango umefungwa, na yule mpwa wa Kent yuko ndani anafungua madroo. Hakumkaribisha. Alichukua ufunguo kutoka kwa Mama kupitia upenyo wa mlango, akasema ejensi itampigia. Siku nne baadaye ejensi ikapiga: aje ofisini, kama anataka mkalimani aje naye.

Mama hakushtuka. Wiki ile ile alikuwa ametimiza mwaka. Akakata shauri kwamba anaitiwa barua yake. Nilikuwa kwenye likizo fupi ya katikati ya muhula, kwa hiyo mkalimani alikuwepo, ana miaka kumi na nusu na mafuta ya nazi kichwani. Mama alivaa gauni la kanisani na viatu vyeusi vinavyombana. Akapanda kiti, akaichukua ile bahasha ya plastiki juu ya kabati, akaifuta vumbi. Kwenye basi aliishika mapajani kwa mikono miwili njia nzima.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Linda alikuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa akiandika kila kitu kwenye daftari. Walituletea maji ya kunywa. Kisha Linda akatandaza fomu za saa mezani, za tangu kiangazi mpaka wiki iliyopita, akanigeukia mimi kwa upole, kama wanavyotugeukia.

Akaniambia nimwulize mama yangu kama mzee alikuwa akisaini mwenyewe.

Nikamwuliza. Mama akajibu pale pale: "Mwambie anasaini mwenyewe, kila Ijumaa. Mimi namshikia ubao tu."

Nikatafsiri sawasawa. Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha, na kama ningefunga mdomo nadhani leo ningekuwa nawasimulia habari nyingine. Lakini Linda alishusha pumzi, akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba hazifanani hata kidogo, mpwa ana haki ya kuuliza. Na mimi nikasikia. Wala sikuulizwa. Nikasema, naweza kuziona?

Kimbelembele. Kiswahili kina neno hilo na nililistahili lote. Nikazivuta zile fomu, nikazipanga kwa tarehe, nikazigeuza juu chini. Wale wanawake wawili wakatazamana wakitabasamu. Nikaanza. Nikawaonyesha za kiangazi: tazameni kalamu inavyotua ikiwa inakimbia, tazameni ncha. Hizi kaandika. Kisha nikawaonyesha za tangu Desemba: mstari unatetemeka, kalamu imeinuliwa hapa, na hapa, na hapa, mwisho butu, mtu amekwenda polepole anaigiza. Hizi zimechorwa. Nilisema yote hayo kwa Kiingereza cha vitabu vya Babu Wolta, kimenyooka, sikukwama hata mara moja. Tabasamu zao zikaisha, wakanyamaza kabisa, wananitazama. Nilidhani ni heshima.

Linda akaniuliza nimejifunzia wapi mambo hayo. Nikamwambia kwa Babu Wolta mwenyewe, mbona naenda kila Jumamosi na likizo zote. Kalamu ya yule mwingine ikaandika na hilo.

Mama alikuwa ameketi wima pembeni yangu. Kiingereza cha haraka kilikuwa kinampita, lakini aliisikia sauti yangu, na aliona Wazungu wawili watu wazima wamenyamaza wanamsikiliza mwanawe. Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kumwona na uso ule, wala kabla wala baadaye. Aliinyoosha bahasha mapajani.

Kisha Linda akainama kunielekea, akauliza taratibu, "Kwa hiyo hizi za mwisho, mpenzi, unadhani kaziandika nani?"

"Siyo yeye," nikasema.

Naapa mpaka hapo sikuwa nimemfikiria mtu. Nilifikiria saini tu. Nilikuwa napata biskuti. Ni pale walipoinua macho wote wawili kwa pamoja na kumtazama Mama ndipo nilipokumbuka kwamba kila Ijumaa, kwenye chumba kile, kulikuwa na watu wawili tu. Nilijua Mama hawezi kuiba hata pini. Lakini vitabu vilisema vile, na nilikuwa nimeshasema, na sikujua neno lililotamkwa linarudishwaje.

Linda akasema, sasa akiitazama meza, kwamba asante, watamwandikia.

"Wanasemaje?" Mama akaniuliza.

Ningeweza kumwambia. Alikuwa hapo hapo, angeweza kusema kitu, angeweza kusema waende hospitalini wampe mzee kalamu, na jambo lingekwisha kwa dakika mbili. Nikamwambia, "Wanasema watakuandikia barua."

Mama akasimama, akawashika mikono wote wawili, akasema thank you mara nne. Njiani alininunulia chipsi. Alinipapasa kichwa akasema, "Mwanangu, umesema mpaka Wazungu wamekosa la kusema." Nilizila chipsi zote, kwa sababu nisingezila angeniuliza nina nini.

Barua ilikuja baada ya siku tano. Mama aliichana mwenyewe, akaitazama nembo ya ejensi juu, akanipa nisome. Mama zetu walitupatia hadi barua kama hizo tuwasomee. Barua ilisema kwamba kutokana na mashaka juu ya uhalali wa saini za mteja, na kwa kuwa amekiri kumleta mtoto kazini, ejensi haitampa kazi tena wala haitaweza kumpendekeza popote. Amekiri. Hakukiri kitu, nilikiri mimi. Nikaisoma mara mbili kimya, natafuta maneno. Nikamwambia mpwa wa mzee amelalamika, kazi basi, na barua ya chuo haipo.

Alikaa kwenye mkono wa kochi, hajakaa vizuri. Akauliza, "Na vile ulivyowaeleza vyote vile?"

"Hawakusikia, Mama."

Akatikisa kichwa. Akasema Wazungu wakishaamua wameamua, na kwamba lazima yupo mtu wa ndani aliyemchongea, kikulacho ki nguoni mwako. Jioni alimweleza Mama Jeni kwenye simu maneno hayo hayo, na mimi nilikuwa nimeegemea bega lake. Aliondoa fomu ya chuo kwenye bahasha ya plastiki, akatia kadi za chanjo zangu.

Bila barua ile hakuna ejensi nyingine iliyomtaka. Akaenda kufagia maofisi kule mjini, anaondoka kabla sijaamka, anarudi na mikono imebabuka kwa dawa za sakafu. Babu Wolta alitoka hospitalini akapelekwa kwenye nyumba ya wazee, hatukuambiwa wapi. Mama alimsema wakati mwingine akikunja nguo. Hakumlaumu kwa kazi. Lililomkata maini ni kwamba mwaka mzima alimwogesha, akamkata kucha, akamsomea hata Zaburi kwa Kiswahili siku aliyokuwa na homa, na mzee hakutuma hata salamu.

Salamu zilikuja. Ilikuwa karibu na Krismasi, nimerudi shule, Mama bado kazini. Kadi ilikuwa kwenye mkeka wa mlangoni, anwani imepigwa taipureta. Ndani kulikuwa na maneno machache, ya taipureta pia: kwamba kila akiuliza Mama amekwenda wapi hakuna anayemjibu, kwamba waliopo sasa hawajui kumgeuza bila kumwumiza, kwamba amsalimie Profesa. Chini, kwa wino, akasaini mwenyewe. Mstari ulitetemeka. Kalamu ilikuwa imeinuliwa hapa, na hapa, na hapa. Mwisho ulikuwa butu. Ilikuwa saini ile ile ya kwenye fomu tangu Desemba.

Nilikaa chini sakafuni na koti langu. Nikaelewa kwa nini alinituma jikoni. Mkono ulikuwa umeanza kumwacha, na hakutaka mimi niuone, mimi ambaye alikuwa ameniambia mkono hausemi uongo. Miaka mingi baadaye nilizisoma zile sura za mwisho, kwenye maktaba, kwenye mwongozo mwingine. Zinahusu saini za wazee na wagonjwa. Zinasema mtu anaweza kusoma kila kitu humu na bado akamwita mgonjwa wa kiharusi mwongo, kwa hiyo kabla ya kutoa hukumu uliza kwanza mwenye saini alikuwa na afya gani. Kumbe swali lenyewe ni hilo tu.

Lakini siku ile ya kadi nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa naelewa vya kutosha. Kadi ile ilikuwa kazi ya Mama. Ilikuwa barua ya Linda, chuo, sare ya bluu, jina lake safi. Angeipeleka ofisini kesho yake, wangeiweka karibu na fomu, na mtoto mdogo angeona. Na Linda angemwambia, kwa Kiingereza cha polepole ili aelewe: Lakini ni binti yako aliyetuambia. Niliona uso wa Mama akiambiwa hivyo. Nikaichana kadi vipande vinne, nikatoka kwenye korido, nikaitia kwenye tundu la taka, lile la ukutani linaloshuka mpaka chini ya jengo. Niliisikia inagonga bati chini kidogo, halafu kimya. Mama aliporudi nilikuwa nimeshapika ugali. Akanishukuru.

Mnaweza kusema mtoto ni mtoto. Nimejiambia hivyo pia, na haisaidii. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kumi na sita, ishirini, na kila mwaka kadi ile niliichana upya kwa kunyamaza. Mama alijifunza Kiingereza taratibu kwenye redio ya ofisi alizofagia, mpaka mwishowe akawa anabishana na madereva wa basi mwenyewe. Chuo hakukiomba tena. Alisema umri umekwenda. Manesi wakipita na sare zao hospitalini alikuwa anawafuata kwa macho mpaka wapinde kona.

Na alikuwa na hadithi yake. Aliisimulia kwa wageni, kwa watu wa kanisa, kwa wachumba zangu wawili. Ya siku Wazungu walipomsingizia, na binti yake wa miaka kumi akasimama akamtetea kwa Kiingereza mpaka wakakosa la kusema, lakini kwa kuwa ni Wazungu wakamfukuza hivyo hivyo. Alikuwa anaigiza hadi nilivyopanga karatasi. Akifika mwisho alinigeukia, akasema, "Si ndiyo, mwanangu?" Nami nikasema ndiyo, Mama. Wakati mwingine, miaka ya mwisho, alipokuwa amekijua Kiingereza, niliona anangoja kidogo baada ya kuniuliza. Sijui alikuwa anangoja nini. Niliwahi kufungua mdomo mara moja, akaniwahi akasema chai inapoa.

Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, hospitalini, na nesi aliyemfunga kidevu alikuwa mdogo kwangu. Ibada tuliifanyia kwenye ule ukumbi wa kukodi tunaosali Jumapili mchana. Ukumbi ulijaa wafagiaji wenzake, Watanzania wa Thamesmead, na Mama Jeni mbele kabisa na kanga begani, analia bila haya. Ulipofika wakati wa kumkumbuka marehemu, Mama Jeni alisimama akaanza kuieleza siku ile ya ofisini, akashindwa. Akanionyesha kwa mkono. "Sekela, mwanangu, isimulie wewe, ulikuwepo. Hakuna jambo mama yako alijivunia duniani kama lile."

Watu wote wakageuka. Mchungaji akanipisha. Nikaenda mbele, nikasimama karibu na jeneza, na nilikuwa nayo yote mdomoni, fomu, kadi, tundu la taka.

Nikaisimulia kama Mama alivyokuwa akiisimulia, pamoja na kupanga karatasi kwa mikono, na nilipofika pale Wazungu walipokosa la kusema, ukumbi mzima ukapiga makofi.